Papa Shirandula Darasani: Charles Bukeko na Lafudhi ya Mhusika

Mwalimu mwenzangu, nawe mtahiniwa unayejiandaa kwa karatasi ya tatu ya Fasihi, makala haya hayahusu kitabu teule. Yahusu mwigizaji. Huenda ukauliza mwigizaji wa runinga anatafuta nini katika kurasa za uhakiki. Jibu ni kwamba tamthilia huandikwa ili iigizwe, na wanafunzi wengi wa Bungoma na Kitale walimjua Charles Bukeko kabla hawajamjua Ebrahim Hussein au Kithaka wa Mberia. Mpe kijana wa kidato cha tatu nafasi ya bawabu, mlevi au mtumishi katika igizo la darasani, kisha utege sikio. Sauti itakayomtoka mara nyingi si yake wala si ya mwandishi wa tamthilia, bali ni ya Papa Shirandula. Darasa litacheka na kengele italia, na hakuna atakayeuliza kilichochekwa ni nini hasa. Swali hilo ndilo ninalotaka tulitazame hapa.

Bukeko alizaliwa mwaka wa 1962, na kwao ni Busia. Alikuwa mtu wa jukwaani kabla ya kuwa mtu wa runinga, jambo ambalo mtazamaji makini angelitambua kwa jinsi alivyoutumia mwili wake mzima badala ya kuutegemea uso peke yake. Mwaka wa 2007 kipindi cha Papa Shirandula kilianza kuonyeshwa katika runinga ya Citizen, naye akawa mhusika mkuu wake hadi mwisho wa maisha yake. Tangazo la Coca-Cola ambamo alinywa soda baridi na kutetemeka kwa mlio wa "Brrr" lilimfikisha hata kwa watu wasiojua Kiswahili. Alifariki tarehe 18 Julai 2020 jijini Nairobi, wakati wa Korona, akiwa na umri wa miaka 58, na siku mbili baadaye akazikwa kwao Busia. Shule zilikuwa zimefungwa tangu Machi. Tamasha la kitaifa la drama, ambalo historia yake yaanzia mwaka wa 1959, halikufanyika mwaka huo. Kwa hiyo wanafunzi waliomwiga kila muhula walipata habari za kifo chake wakiwa majumbani mwao, bila darasa la kuzungumzia.

Sasa tuingie katika kazi yenyewe. Papa Shirandula ni bawabu katika kampuni moja ya Nairobi. Mkewe Wilbroda, aliyeigizwa na Jacqueline Nyaminde, anaaminishwa kwamba mumewe ana kazi ya hadhi ofisini. Hilo ndilo fumbo lote la kipindi, nalo ni fumbo ambalo mwalimu wa fasihi angelitunga mwenyewe kama angetafuta mfano wa kinaya cha kidrama. Hadhira inajua, mhusika mmoja hajui, na kila neno analolisema huyo asiyejua huwa na maana mbili. Wilbroda akijisifu kwa sababu ya cheo cha mumewe, mtazamaji hucheka, lakini pia humwonea haya. Mtahiniwa anayetatizika kutofautisha kinaya na kejeli afikirie mfano huo kwanza. Kejeli huhitaji msemaji anayekusudia kudharau, ilhali Wilbroda hakusudii kumdharau yeyote. Ni hali yenyewe inayomgeuka.

Tazama pia mavazi. Sare ya bawabu katika kipindi hiki hufanya kazi ya maelekezo ya jukwaa. Mtu huyohuyo mwenye mwili mkubwa huwa mnyenyekevu mbele ya wakubwa wake kazini, na akifika nyumbani hutaka asikilizwe kama baba mwenye kauli. Haijabadilika sura wala sauti. Kilichobadilika ni nguo na lango alilosimama mbele yake. Mwaka wa 2012 Bob Nyanja alitoa filamu iitwayo The Captain of Nakara, iliyotokana na tamthilia ya Mjerumani Carl Zuckmayer ya mwaka wa 1931, kuhusu mtu anayevaa sare ya kijeshi isiyo yake na watu wakamtii. Huko sare inampandisha mtu, huku inamshusha. Mwalimu anayefundisha uhusika aziweke kazi hizi mbili pamoja, kwa maana wanafunzi wetu huandika sifa za mhusika kana kwamba ni mali aliyozaliwa nayo: mnafiki, mwoga, mwongo. Shirandula ni mwongo, naam. Lakini ni mwongo kwa sababu gani? Kwa sababu anaishi mahali ambapo kazi halali ya kulinda mali ya wengine humtia mtu aibu mbele ya mke na watoto. Mtahiniwa akiandika "mwongo" na kutua hapo, ameandika nusu ya jibu.

Aibu hiyo ndiyo kiini cha ucheshi wa Bukeko, na si lafudhi. Nasema hivi nikijua kwamba walio wengi wangesema kinyume. Kwao, Papa Shirandula ni "yule anayeongea Kiluhya". Basi tuitazame hiyo lafudhi kitaalamu, kwa istilahi zilezile tunazozifundisha kwa ajili ya karatasi ya pili.

Anza na jina. Wengi hudhani "Papa" ni "baba" iliyoharibiwa. Kwa Mbukusu, papa ni neno lake halisi la kumwita mzazi wa kiume, kama vile mayi ni mama. Hakuna kilichoharibika. (Jina Shirandula nalo, kwa sababu ya hiyo shi- ya mwanzo, lanukia Kakamega zaidi kuliko Bungoma, ambako kiambishi cha ngeli hiyo ni si-. Nairobi haijali tofauti hizo, kwake Waluhya wote ni wamoja.) Katika Lubukusu, vipasuo ghuna havisimami peke yao. Huko zimo p, t, k na ch, lakini b ya Kiswahili, d, g na j hazipatikani ila zikitanguliwa na king'ong'o: mb, nd, ng, nj. Ndiyo maana tuna majina kama Wanjala na Namboka, na hakuna anayepata taabu kuyatamka. Mtoto wa Kimilili anapokutana na "gari" husema "kari", "dawa" huwa "tawa", "jana" huwa "chana". Lakini mpe neno "ndugu". Atasema "nduku". Ile nd ya mwanzo imebaki salama kwa kuwa inalindwa na king'ong'o, na g ya pili imepoteza mghuno wake.

Hapo, msomaji, pana kipimo cha mwigizaji. Mchekeshaji asiyesikiliza atasema "ntuku", kwa kuwa amesikia tu kwamba "Waluhya hugeuza d kuwa t" na akaitumia kanuni hiyo kama shoka. Hakuna Mbukusu asemaye hivyo. Anachokiigiza si lugha ya mtu bali ni dhana yake juu ya mtu. Bukeko hakuhitaji kubuni, maana alizungumza kwa sauti ya kwao, na hata alipoitia chumvi mzizi wake ulikuwa mahali pamoja. Waambie wanafunzi wako watafute kipindi kimoja kilichohifadhiwa, wasikilize dakika kumi, waandike maneno yenye nd na mb upande mmoja na yenye d na b upande wa pili. Watajifunza fonolojia ya Kiswahili kwa njia ambayo jedwali la ubaoni haliwezi kuwapa.

Jambo la pili, ambalo walimu wa Kitale mtalitambua upesi. Kitale ni mji wa mchanganyiko. Katika dawati moja huketi Mbukusu, Msabaoti, Mpokoti, Mturkana, Mkisii, Mkikuyu. Lugha za Kikalenjin nazo hazitofautishi maana kwa mghuno wa vipasuo jinsi Kiswahili kifanyavyo, hivyo Mpokoti naye huweza kusema "kari". Nimewasikia watoto wa jamii hizi mbili wakichekana kwa tamko lilelile, kila mmoja akiamini kwamba mwenzake ndiye asiyejua Kiswahili. Runinga iliwafundisha kwamba tamko hilo ni la Kiluhya na ni la bawabu. Haikuwaambia kwamba ni la nusu ya Bonde la Ufa pia.

Ili tusimwonee Bukeko wala kumsifu kupita kiasi, tumlinganishe na mzee aliyemtangulia. Benson Wanjau, aliyefariki tarehe 12 Julai 2015, alijulikana kote nchini kama Mzee Ojwang' wa Vitimbi, pamoja na Mary Khavere aliyeigiza Mama Kayai. Ojwang' alikuwa Mjaluo katika kila silabi: "sh" yake ilikuwa "s", kwa kuwa Dholuo haina sauti ile. Wanjau mwenyewe alikuwa Mkikuyu. Watu wengi walishangaa walipolifahamu jina lake halisi, na mshangao huo ndio sifa kubwa zaidi ambayo mwigizaji aweza kupewa. Aliisikiliza lugha ya jirani mpaka jirani akamdai kuwa wake. Bukeko alifanya kazi tofauti. Hakuvuka mpaka, alibaki kwao akaigeuza sauti ya kwao kuwa kichekesho cha taifa. Ipi ni ngumu zaidi? Kiufundi ni ile ya Wanjau. Kimoyo, nadhani, ni ya Bukeko, kwa sababu kila alipofaulu palikuwa na mtoto fulani shuleni aliyelipa sehemu ya gharama.

Sidhani lawama hiyo yafaa kupuuzwa. Kipindi cha Papa Shirandula kilimgawia karibu kila mhusika kabila pamoja na kazi. Awinja, mtumishi wa nyumbani aliyeigizwa na Jacky Vike, naye alikuwa na lafudhi ya Kiluhya. Bawabu Mluhya, yaya Mluhya. Njoro, aliyeigizwa na Kenneth Gichoya, alikuwa Mkikuyu kwa jina na kwa sauti. Hali ya Nairobi yenyewe ina sehemu yake ya lawama, na waandishi waweza kujitetea kwamba walichora walichokiona. Lakini uhalisia wa namna hii una hatari yake. Ukirudiwa kila juma kwa zaidi ya miaka kumi, unakoma kuwa picha ya hali na kuwa kanuni yake. Bukeko aliokoka hatari hiyo kwa kiasi fulani kwa sababu mhusika wake alikuwa na siri, na mtu mwenye siri hawezi kuwa kikaragosi tu. Waliomwiga hawakuichukua siri. Walichukua "kari" na "tawa".

Tazama tamasha zetu za drama. Bungoma hushindana katika eneo la Magharibi, Kitale katika Bonde la Ufa, ingawa shule za pande zote mbili zimejaa watoto wanaotoka nyumba zinazosema lugha moja. Katika maeneo yote mawili utakutana na bawabu yuleyule. Anaingia akiwa na rungu na kofia iliyopinda, anasema neno moja lenye t mahali pa d, ukumbi unalipuka, anatoka. Hana jina. Hana mke anayemdanganya. Ukimuuliza mwelekezi bawabu huyu yumo katika mchezo kwa kazi gani, atakuambia ni wa kuchangamsha. Mhusika wa kuchangamsha ana nafasi yake katika drama, sikatai, lakini Bukeko alimtoa bawabu huyo pembeni akamweka katikati ya hadithi, na sisi tumemrudisha pembeni kwa kutumia sauti yake.

Hoja inayotuhusu zaidi sisi wa fasihi andishi ni hii. Watunzi wa tamthilia zetu teule waliondoa kabila kwa makusudi. Kithaka wa Mberia katika Kifo Kisimani alibuni Butangi. Timothy Arege katika Mstahiki Meya alibuni Cheneo. Pauline Kea katika Kigogo, iliyotahiniwa hadi 2022, alibuni Sagamoyo. Hayo ni majimbo na miji isiyo na ramani, yenye watu wanaoitwa Mwelusi, Gedi, Chopi, Ngurumo, majina ambayo msomaji hawezi kuyafunga kwa kabila lolote la Kenya. Na wote husema Kiswahili sanifu, kuanzia mtawala hadi mlevi. Wapo wahakiki wanaoona kasoro hapo, wakisema kwamba mlevi wa kilabuni hawezi kuwa na ufasaha sawa na wa kiongozi. Wana haki ya kusema hivyo. Lakini mtunzi amefanya uamuzi: anataka tumhukumu mhusika kwa tendo na kwa tabaka, na ametunyima njia ya mkato ya kumhukumu kwa ukoo.

Sasa mwanafunzi anapomwigiza Gedi, anayemlinda Meya Sosi, kwa lafudhi ya Shirandula, amefanya nini? Amekirudisha ndani ya Cheneo kile ambacho mtunzi alikiacha nje ya lango. Wizi wa Meya na mateso ya wafanyakazi havionekani tena, kinachoonekana ni Mluhya. Vivyo hivyo kwa Yona katika Bembea ya Maisha ya Arege, iliyoanza kutahiniwa mwaka wa 2023. Yona alikuwa mwalimu kabla pombe haijamshika. Kuanguka kwake kunauma kwa sababu tunasikia bado mabaki ya mtu aliyesoma. Mpe lafudhi ya kuchekesha, na mabaki hayo yametoweka pamoja na uchungu wote wa ndoa yake na Sara. Darasa limecheka, tamthilia imekufa.

Haimaanishi kwamba lafudhi haina nafasi katika uhakiki. Swali la isimujamii likikutaka uieleze, mtahiniwa, usiandike kuwa ni makosa ya matamshi. Lafudhi ni namna ya kutamka inayofichua mahali msemaji alikotoka au lugha yake ya kwanza, na kila mtu anayo, akiwemo mtangazaji unayemwona hana. Likija katika dondoo la tamthilia au hadithi, jiulize kwanza mwandishi ameionyesha katika tahajia au wewe ndiye umeisikia kichwani. Kama haimo katika maandishi, usiitaje. Nimeona maelezo ya sifa za wahusika yasemayo kwamba fulani ni "mshamba kwa jinsi anavyoongea", na ukirejea kwenye kitabu huoni ushahidi wowote wa kuongea huko.

Kuna upande wa tahajia pia, nao hauna mzaha. Anayesema "kari" huandika "kari" katika insha, na alama zinakwenda. Hivyo mwalimu lazima asahihishe. Tofauti ipo katika namna ya kusahihisha. Mwanafunzi aliyechekwa mara mbili hunyamaza, na aliyenyamaza hasahihishiki. Anayeelezwa kwamba lugha yake ya kwanza ina mghuno baada ya king'ong'o pekee, na kwamba tayari anaitamka d bila taabu katika "ndugu", ana mahali pa kuanzia: aanze na "ndege", kisha aipunguze ile n polepole mpaka abaki na d peke yake katika "degedege". Nimeona zoezi hilo likifaulu kwa muda wa wiki chache, na wanafunzi wakalifanya kama mchezo.

Limebaki suala la nani anapewa nafasi gani. Mwalimu anapogawa wahusika ili igizo lisomwe kwa sauti, mkono humwelekea haraka mwanafunzi mwenye matamshi ya mjini kwa nafasi ya Majoka au Sosi, na yule wa kutoka Chwele au Endebess huachiwa Chopi. Mwalimu hakusudii ubaya, anataka somo liende. Muhula ujao, jaribu kugeuza. Mpe Majoka kijana asemaye "kari", asome amri zake zote kwa sauti yake mwenyewe bila kuibana, na umwombe asisite hata wenzake wakianza kucheka. Watacheka katika kurasa mbili za kwanza. Kisha msikilize atakapofika pale Majoka anapotaka waandamanaji wapigwe risasi, na Kingi, mkuu wa polisi, anakataa.